Kadi ya mkopo ughaibuni: mwongozo kamili kwa Mzanzibari anayefanya kazi nje

Ndugu zetu wanaporudi likizo kutoka Maskat, Dubai na London, mazungumzo huanza barazani kwa habari za safari na watoto, lakini mara nyingi huishia pembeni, kwa sauti ya chini, kwenye deni la kadi. Makosa ninayosimuliwa ni yaleyale matatu. Mtu amelipa malipo ya chini, yaani kile kiasi kidogo kabisa ambacho benki inakubali kupokea, kila mwezi akidhani kuwa analimaliza deni; au ametoa fedha taslimu kwa kadi ya mkopo ili azitume nyumbani; au ameacha kazi na kuondoka nchini bila ya kuifunga kadi.

Mimi mwenyewe niliyafanya mawili ya mwanzo nilipokuwa nikifanya kazi Dubai, na ilinichukua zaidi ya mwaka kujikwamua. Kwa hiyo ninachokiandika hapa nakijua kwa uchungu wake, na ningependa kijana anayesafiri leo asiupitie.

Mwongozo huu ni kwa Mzanzibari, wa Unguja au wa Pemba, aliye nje kwa kibali cha kazi au cha masomo. Zifuate hatua kwa mpangilio wake, kwa sababu kila moja inaitegemea iliyotangulia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pasi ya kusafiria na kitambulisho cha ukaazi cha nchi uliyopo, vyote vikiwa na muda wa kutosha mbele. Benki hazipendi kibali kinachokaribia kwisha.
- Barua ya mshahara kutoka kwa mwajiri, pamoja na taarifa ya akaunti ya benki ya angalau miezi 3.
- Uthibitisho wa anuani: mkataba wa nyumba, au bili ya umeme au maji yenye jina lako. Huu ndio unaowakwamisha wengi wanaoishi chumba kimoja na wenzao, kwa sababu mkataba una jina la mtu mmoja tu. Omba jina lako liongezwe mapema.
- Laini ya simu ya nchi hiyo iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe.
- Akiba inayotosha nauli ya kurudi nyumbani na matumizi ya mwezi mmoja, iliyowekwa mbali na akaunti ya kila siku. Kama huna akiba hii, simama hapa uijenge kwanza. Asiye na akiba huifanya kadi kuwa akiba yake, na hapo ndipo deni linapozaliwa.
- Daftari dogo, au ukurasa katika simu, wa kuandikia tarehe na kiasi.

## Hatua ya 1: Elewa unachokichukua

Kadi ya kawaida ya benki, ile tuliyozoea kuiita kadi ya ATM, hukata fedha zilizomo katika akaunti yako. Zikimalizika, inakataa. Kadi ya mkopo hukata fedha za benki, nawe unabaki mdaiwa mpaka utakapolipa. Zinafanana umbo, zinatumia mashine moja, na ndiyo maana wengi huzichanganya.

Nasema kwa dhati kwamba wengi wetu hatuihitaji kadi ya mkopo katika mwaka wa kwanza. Mshahara, kadi ya kawaida na utaratibu wa kuweka akiba vinatosha. Sababu nzuri za kuichukua ni chache: kukodi gari au kuweka chumba cha hoteli mahali panapodai kadi ya namna hiyo, kujenga historia ya mikopo, yaani kumbukumbu za namna unavyolipa madeni yako, katika nchi ambayo bila yake hupati nyumba wala laini ya simu ya mkataba, na kujilinda unaponunua kitu cha thamani kubwa. Uingereza, kwa mfano, sheria ya mikopo ya wanunuzi ya mwaka 1974 inaifanya kampuni ya kadi ya mkopo iwajibike pamoja na muuzaji kwa kitu chenye bei inayozidi pauni 100 na isiyozidi pauni 30,000. Muuzaji akifilisika kabla ya kukuletea bidhaa, unadai kwa kampuni ya kadi.

Andika sababu yako katika daftari kwa sentensi moja. Kama sentensi yenyewe ni "ili nipate fedha za ziada", basi hujawa tayari.

## Hatua ya 2: Limalize suala la riba kabla ya kutia saini

Kwetu visiwani jambo hili haliwezi kuachwa liwe la mwisho. Wengi husema: "Nitalipa yote kwa wakati, kwa hiyo riba hainigusi." Suala halikuishia hapo. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Riyadh mwaka 2000, liliamua kwamba haijuzu kutoa wala kutumia kadi ya mkopo isiyokuwa na fedha za mteja nyuma yake ikiwa mkataba wake una sharti la riba, hata kama mwenye kadi amenuia kulipa ndani ya muda usiotozwa riba. Kadi isiyo na sharti hilo iliruhusiwa.

Uamuzi huohuo uligusa mambo mawili yanayotuhusu sana. La kwanza ni kutoa fedha taslimu kwa kadi: ada ya kiasi maalumu, inayolingana na huduma, imekubaliwa, ada inayopanda kwa asilimia ya kiasi ulichotoa imehesabiwa kuwa ni riba. La pili ni kununua dhahabu kwa kadi ya namna hii, jambo ambalo baraza halikulijuzisha. Anayekwenda kununua mkufu wa bibi harusi katika soko la dhahabu la Deira, Dubai, na alijue hilo kabla hajafika dukani.

Una njia tatu. Unaweza kuchukua kadi ya benki ya Kiislamu; unaweza kuchukua kadi inayodai deni lote lilipwe kila mwezi bila ya kutoa nafasi ya kuliburuza; au unaweza kubaki na kadi ya kawaida inayokata fedha zako mwenyewe. Ukiichagua ya kwanza, usitosheke na neno "Kiislamu" lililoandikwa juu yake. Uliza: ada ya mwezi ni ya kiasi kimoja au inapanda na deni? Nikichelewa, ile faini inakwenda wapi, kwa benki au kwa sadaka? Ipo bodi ya masheikh iliyoupitisha mkataba huu? Kisha mpelekee sheikh unayemwamini mkataba wenyewe, si maelezo yako juu ya mkataba.

Umeimaliza hatua hii pale unapoweza kueleza, bila ya kusitasita, benki inapata faida yake wapi katika kadi yako.

## Hatua ya 3: Pima mshahara, kisha jiwekee kikomo chako

Benki itakupa kikomo kwa kuangalia mshahara wako. Haijui kwamba unalipia skuli ya wadogo zako wawili Mkoani na dawa za mama Jang'ombe. Kikomo cha benki ni kiasi ambacho benki iko tayari kukudai. Kikomo chako lazima kiwe kidogo zaidi.

Chukua mshahara unaoingia mkononi. Toa kodi ya nyumba, chakula, usafiri, kiasi unachotuma nyumbani kila mwezi na akiba. Kinachobaki ndicho kikomo chako cha mwezi, na ukiweza iombe benki iiwekee kadi kiwango hichohicho. Imarati, yaani nchi ya Dubai, Benki Kuu inataka makato ya mikopo yote ya mtu yasizidi nusu ya mshahara wake, lakini nusu ya mshahara kwa mtu anayelisha nyumba mbili ni shimo refu.

Onyo: benki ikikupigia simu kukupa habari njema kwamba kikomo kimepandishwa, kataa, na uombe kukataa kwako kuandikwe.

## Hatua ya 4: Linganisha kadi kwa mambo yanayokugusa wewe

Matangazo yatakuonesha pointi za ndege, sinema na vyumba vya mapumziko uwanja wa ndege. Yaweke pembeni. Kaa na karatasi ya ada, ambayo kila benki inayo, na utafute haya:

Ada ya mwaka. Mara nyingi mwaka wa kwanza ni bure na wa pili unalipiwa. Andika tarehe ambayo ada itaanza.

Ada ya matumizi ya fedha za kigeni. Kwa Mzanzibari hii ina uzito kuliko zote, kwa sababu ukija nyumbani kila unachokilipa kwa kadi kinahesabiwa kuwa cha kigeni. Kadi nyingi hutoza karibu asilimia 3. Ukitumia shilingi milioni 2 katika likizo, shilingi 60,000 zimekwenda kwa jambo ambalo kadi nyengine hailitozi kabisa.

Riba au faida ya mwezi. Katika nchi za Ghuba, kama Imarati na Omani, benki hupenda kuitaja kwa mwezi, kwa mfano asilimia 3 na kitu, nayo husikika kuwa ndogo. Izidishe mara 12 kabla ya kuilinganisha na ya Uingereza, inayotajwa kwa mwaka.

Ada ya kutoa taslimu, faini ya kuchelewa na faini ya kupita kikomo. Ziandike zote tatu, hata kama umenuia kutozitumia.

Muda usiotozwa riba. Soma kwa makini maneno "mpaka siku 55". Neno la kuangalia hapo ni "mpaka", na nitalieleza katika hatua ya 6.

Anayekwenda Uingereza au Marekani atakuta jambo jengine: hana historia yoyote ya mikopo, na historia ya nyumbani haimfuati. Marekani, njia ya kawaida ya kuanzia ni kadi ya amana, ambapo unaweka fedha zako kwa benki na kikomo kinakuwa kiasi hichohicho. Uingereza kuna msaada ambao Watanzania wengi hawaujui: raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, Tanzania ikiwemo, anayeishi huko kwa kibali halali anaruhusiwa kujiandikisha katika daftari la wapiga kura, na kampuni za taarifa za mikopo hulitumia daftari hilo kuthibitisha jina na anuani yako. Jiandikishe kabla ya kuomba kadi.

## Hatua ya 5: Omba mara moja, kwa utulivu

Usizijaze fomu za benki nne kwa wiki moja ukitumaini kwamba moja itakubali. Kila ombi linaacha alama katika taarifa zako za mikopo, na alama nyingi za karibu karibu humfanya mtu aonekane ana dhiki. Imarati taarifa hizi ziko Al Etihad Credit Bureau, ambayo humpa kila mtu alama kati ya 300 na 900. Omani ziko Mala'a. Uingereza ziko kwa kampuni tatu, Experian, Equifax na TransUnion. Taarifa zako mwenyewe unaweza kuziomba, nakushauri uziombe kabla ya benki kuziangalia, ili kama pana jina lililokosewa herufi au deni lisilo lako ulirekebishe mapema. Majina yetu hukosewa sana: Khamis huwa Hamis, Ali Juma Ali hubakia Ali Juma. Jina katika pasi, katika kitambulisho cha ukaazi na katika akaunti liwe lilelile, herufi kwa herufi.

Jihadhari na maofisa mauzo wanaosimama madukani na kwenye vituo vya treni na karatasi zao. Baadhi yao hulipwa kwa idadi ya kadi wanazozitoa. Wengine hukuambia "tia saini hapa tu, mengine nitajaza mimi." Usitie saini karatasi yenye nafasi tupu, na ukiambiwa utoe hundi ya dhamana, yaani hundi unayoiachia benki kama rehani ya deni, andika nakala ya namba yake na upige picha.

Ukikataliwa, uliza sababu, subiri miezi kadhaa, urekebishe, ndipo uombe tena.

## Hatua ya 6: Panga tarehe kabla ya kununua chochote

Kadi ikifika, usiende nayo dukani. Tia saini, weka namba ya siri isiyokuwa mwaka wako wa kuzaliwa, washa ujumbe wa simu kwa kila muamala, kisha utafute tarehe mbili: siku ambayo benki hufunga hesabu ya mwezi, na siku ya mwisho ya kulipa.

Tuseme hesabu hufungwa tarehe 5 na siku ya mwisho ya kulipa ni tarehe 30. Ukinunua kitu tarehe 6, kitaingia katika hesabu ya mwezi unaofuata, nawe utakuwa na karibu siku 55 kabla ya kulipa. Ukinunua kitu hichohicho tarehe 4, kitafungwa kesho yake na utakuwa na siku 26 tu. Hiyo ndiyo maana ya "mpaka".

Kama mshahara wako huingia tarehe 28, siku ya mwisho ya tarehe 30 inakubana: mapumziko ya wiki au sikukuu moja inatosha kukuchelewesha. Piga simu benki uombe tarehe isogezwe; benki nyingi hukubali. Halafu toa agizo kwa benki yako ikate deni lote moja kwa moja, siku mbili tatu baada ya mshahara. Angalia vizuri unapojaza fomu hiyo, kwa sababu kisanduku kinachowekwa alama mwanzo mara nyingi ni cha malipo ya chini. Kisanduku hicho kimoja ndicho kilichoniponza mimi. Kwa miezi saba niliona ujumbe wa "malipo yamepokewa" nikalala usingizi mzuri, na deni likawa linakua.

Jaribu kwa kitu kidogo, mfano nauli au mkate, kisha ulifuatilie deni hilo mpaka likatwe na salio lirudi sifuri. Ukiliona sifuri hilo kwa macho yako, mtambo wako unafanya kazi.

## Hatua ya 7: Lipa yote kila mwezi, na uelewe kwa nini malipo ya chini hayatoshi

Chukua deni la dirhamu 6,000 za Imarati kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, na malipo ya chini ya asilimia 5. Mwezi wa kwanza unalipa 300. Riba ya mwezi huo ni 210. Kilichopunguza deni lako ni dirhamu 90.

Endelea hivyo mwaka mzima bila ya kununua kitu chochote kipya. Utakuwa umetoa kiasi cha dirhamu 3,300, na bado utadaiwa karibu 5,000. Zaidi ya 2,300 zimekwenda kwenye riba. Kwa fedha hizo mtu anakwenda Unguja na kurudi.

Pana jambo jengine ambalo halisemwi wazi. Katika kadi nyingi, ukibakisha deni hata kidogo, ule muda usiotozwa riba unaondoka, na manunuzi mapya huanza kutozwa tangu siku ya kununua. Ndiyo maana mtu hulipa sehemu kubwa ya deni, kisha akashangaa kuiona riba mwezi unaofuata. Muda huo hurudi baada ya kulimaliza deni zima, pengine kwa mwezi mmoja au miwili mfululizo.

Kila mwezi, siku hesabu inapofungwa, kaa dakika kumi na taarifa ya kadi. Pitia mstari kwa mstari. Jina la duka usilolitambua lipigie benki simu siku hiyohiyo.

## Hatua ya 8: Simu ya nyumbani inapolia

Hapa ndipo mwongozo huu unapokusudia kufika hasa, kwa sababu sijaona Mzanzibari aliyeangamizwa na kadi kwa kununua saa za fahari. Wameangamizwa na huruma.

Usiku mama anapiga simu: mtoto wa dada amelazwa Mnazi Mmoja. Wiki inayofuata ni mchango wa harusi ya binamu, na jina lako limeshaandikwa katika orodha kabla hujaulizwa. Inakuja Ramadhani, unahitajika mchele, sukari na tende. Halafu nguo za sikukuu. Mshahara umeshakwisha, lakini mfukoni kuna kadi yenye dirhamu 8,000 ambazo hazijaguswa. Unakwenda kwenye mashine unatoa 2,000.

Hiki ndicho kinachotokea baada ya hapo. Kutoa taslimu kwa kadi ya mkopo hakuna muda usiotozwa riba. Riba huanza siku hiyohiyo. Tuseme ada ni asilimia 3, yaani 60, na riba ya mwezi ni 70. Zile 2,000 zimekuwa 2,130 kwa mwezi mmoja, kabla ya ada ya kutuma na hasara ya kubadilisha fedha. Na usidhani kwamba kutuma kupitia programu ya simu kwa kuiunganisha na kadi ya mkopo kunakuokoa, kwani benki nyingi huuhesabu muamala huo kuwa sawa na kutoa taslimu.

Fanya hivi badala yake:

1. Fungua akaunti ndogo ya pembeni, uipe jina la nyumbani, uweke humo kiasi kilekile kila mshahara unapoingia. Maradhi, misiba na harusi vitoke humo tu.
2. Waambie jamaa, mapema na kwa upole, kiasi unachoweza kwa mwezi. Mzazi akielezwa kwa heshima huelewa. Anayekuona ukitoa kila unapoombwa hana njia ya kujua kwamba unakopa.
3. Ikitokea dharura ya kweli na akaunti ile imekauka, tuma kidogo ulichonacho leo, na umalizie mshahara ukiingia. Hospitali na maduka ya mtaani kwetu hujua kusubiri kwa makubaliano, benki haijui.
4. Iombe benki izime kabisa uwezo wa kadi yako wa kutoa taslimu. Benki nyingi zinaweza kuushusha mpaka sifuri. Nilipofanya hivyo nilihisi kama nimeufunga mlango uliokuwa ukinivujishia nyumba.

Ukipitisha mwaka mzima, pamoja na Ramadhani yake na misimu ya harusi, bila ya kutoa taslimu kwa kadi, umeishika hatua hii.

## Hatua ya 9: Kuja nayo Unguja na Pemba

Wiki moja kabla ya kusafiri, ijulishe benki nchi unayokwenda, na uhakikishe laini yako ya nje itapokea ujumbe ukiwa huku. Namba za uthibitisho hutumwa kwenye laini hiyo. Wengi hufika uwanja wa ndege wa Kisauni, wakatoa laini na kuweka ya hapa, kisha kila malipo ya mtandaoni yakakataliwa. Kama simu inachukua laini mbili, ziwache zote mbili ndani.

Unapolipa kwa mashine ya hoteli au duka, huenda ikakuuliza ukatwe kwa shilingi au kwa fedha za nchi ya kadi yako. Chagua shilingi. Ukichagua dirhamu au pauni, kiwango cha kubadilishia kinapangwa na mwenye mashine, na huwa kibaya kuliko cha kadi. Uliza pia kabla ya kuchomeka kadi kama duka linaongeza asilimia kwa anayelipa kwa kadi. Baadhi yao huongeza, na ukijumlisha na ada ya benki yako utakuta bora ungelipa taslimu.

Hoteli na wenye magari ya kukodi huzuia kiasi fulani katika kadi kama amana. Fedha hizo hazijakatwa, lakini zinakula kikomo chako mpaka zitakapoachiwa, na inaweza kuchukua siku kadhaa baada ya kuondoka.

Darajani, Mwanakwerekwe, Forodhani jioni na ndani ya daladala, fedha taslimu ndiyo lugha. Zitoe kwa kadi yako ya kawaida, si ya mkopo, na toa kiasi kikubwa kwa mara moja kwa sababu ada hutozwa kila unapotoa. Pemba jiandae zaidi: mashine zimekusanyika mijini, hasa Chake Chake na Wete, na ukishaelekea Makangale usitegemee kuikuta nyengine.

Ndugu anayesafiri kwa pasi ya nchi nyengine na kuingia kama mgeni akumbuke kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar inamtaka mgeni awe na bima ya lazima ya Shirika la Bima la Zanzibar, kwa dola 44, inayolipiwa mtandaoni. Bima ya safari inayokuja na kadi haichukui nafasi yake.

## Hatua ya 10: Kadi ikipotea, au deni likishakushinda

Ikipotea, ifunge kwanza kwa programu ya simu, ndipo uitafute. Iweke namba ya benki katika daftari, kwani nyuma ya kadi iliyopotea haisomeki. Na usimtajie mtu namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye simu yako, hata akijitambulisha kuwa ni ofisa wa benki na akalitaja jina lako kamili.

Deni likiwa limeshakuzidi, acha kuitumia kadi leo. Rudi kwenye mfano wa dirhamu 6,000: anayelipa 1,000 kila mwezi kwa kiasi kisichobadilika humaliza katika mwezi wa saba, na riba yote ni kama 850. Kama huwezi kufika 1,000, nenda benki kabla ya kuchelewa malipo hata mara moja, uombe deni ligeuzwe kuwa mkopo wa kawaida wenye kiwango cha chini na tarehe ya kumalizika. Benki humsikiliza zaidi aliyekwenda mwenyewe kuliko aliyetafutwa. Usichukue kadi ya pili ili uilipe ya kwanza, na usikubali kumdhamini rafiki kwa jina lako wakati bado unadaiwa.

Mwambie mke au mume. Nililificha deni langu kwa miezi mingi, na uzito wa kulificha ulinichosha kuliko kulilipa.

## Hatua ya 11: Kuondoka bila ya kuacha mkia

Mkataba ukikaribia kwisha, anza miezi miwili kabla. Katika nchi za Ghuba, benki inayopokea mshahara wako inaweza kuushikilia mshahara wa mwisho pamoja na kiinua mgongo ikiona kuna deni. Imarati, deni likifika dirhamu 10,000 mdai anaweza kuiomba mahakama imzuie mdaiwa kutoka nchini, na mtu huja kulijua jambo hilo akiwa na mabegi yake mbele ya ofisa wa uhamiaji.

Lipa deni lote. Subiri hesabu ya mwezi mmoja zaidi ifungwe, kwa sababu riba ya siku za mwisho na ada ya mwaka huja nyuma. Sitisha malipo yote ya mtandaoni yanayokatwa yenyewe. Kisha omba kadi ifungwe kwa maandishi. Kuikata kwa mkasi hakuifungi. Akaunti inabaki hai na ada zinaendelea kuandikwa, na baada ya miaka mitatu unaporudi kwa kazi mpya unakuta deni usilolijua likikungojea.

Benki ikupe barua ya kuthibitisha kwamba huna deni nayo, na irudishe hundi ya dhamana au amana uliyoweka. Kurudishiwa kunaweza kuchukua mwezi mmoja na nusu, na ndiyo sababu nimesema uanze mapema. Omba taarifa yako ya mikopo kwa mara ya mwisho na uhakikishe kadi imeandikwa kuwa imefungwa.

Barua hiyo ipige picha, uitume kwenye barua pepe yako, na karatasi yenyewe uje nayo katika begi la mkononi pamoja na pasi. Nakala moja mwachie mtu unayemwamini aliyebaki huko, ili siku benki itakapouliza, awepo wa kuipeleka.